Bwana Harusi na Taa za Kaskazini

Niliondoka nyumbani Nkololo asubuhi moja nikiwa nimetumwa kupeleka ng'ombe lamboni. Lori la pamba lilikuwa limesimama kando ya barabara, boneti liko wazi, nami nilitaka tu kuona ndani mna nini. Utingo wa lori lile alikuwa ameacha kazi njiani. Dereva akaniambia nishike faneli wakati yeye anamimina maji kwenye rejeta. Nikashika. Alipomaliza nikamuuliza maji yale yanakwenda wapi. Akasema, "Panda, utayaona yakirudi." Nikapanda. Ng'ombe walirudishwa na jirani. Mimi nilirudi msimu uliofuata. Shule nilikuwa nimekwisha kuiacha darasa la tano, kwa hiyo wa kunitafuta alikuwa mama tu, na mama alinijua.

Ninyi vijana wa stendi mmenisumbua niandike habari za kazi kwa kuwa sasa nimekabidhi funguo. Haya. Mishahara siiandiki, kwa sababu hakuna anayependa hadithi fupi.

Yule dereva wa lori aliitwa mzee Kulwa, na ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza hakunigusisha usukani. Alinilaza chini ya lori, akaliwasha, akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia kelele. Akasema, "Basi lala hapo mpaka usikie vitu viwili." Baadaye nilisikia viwili, kisha vitano. Leo mna mashine ya kusoma injini kwenye simu, nami siichukii, lakini betri ya simu ikiisha mnabaki mnalitazama gari kama mgeni aliyekosa nyumba.

Vifaa vyetu vilikuwa jeki ya chupa, pampu ya mguu, spana chache, viraka na solusheni, na mche wa sabuni. Sabuni ilikuwa ya kuziba tangi la mafuta likitoboka. Unaikanda na mate, unaibandika, unafika Shinyanga. Tyubu zikiisha tulijaza majani makavu ndani ya tairi, tukaenda taratibu huku gari likicheza kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Mzee Kulwa alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote: "Kiti cha nyuma ni ukweni." Maana yake, abiria wa nyuma wana mambo yao. Huyatazami, huyaingilii, na ukiyasikia hukuyasikia. Kwetu Usukumani mtu anayemheshimu mkwewe hupita hata njia nyingine asikutane naye, kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Sheria hiyo niliishika miaka yote, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Kwanza ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia Kasoli na kila mahali, kila mmoja na mzani wake na kipaza sauti chake. Malori ya ushirika, letu likiwamo, yakaanza kulala uwanjani mpaka kuku wakatagia kwenye viti. Mzee Kulwa akaenda kuchunga mbuzi, akasema ndio abiria wasiolalamika. Mimi nikazunguka. Niliendesha basi, niliendesha tangi la maji, siku moja niliendesha gari la maiti na sikurudia. Nikikaa mahali nikishajua kila korongo na kila kona, miguu huniwasha. Mwisho nikarudi Bariadi kuendesha Landrova kuukuu ambayo tajiri mmoja aliinunua kutoka zahanati ya wamisionari karibu na kwetu.

Landrova ile nilikuwa naifahamu. Nilikuwa nikiitengeneza tangu ikiwa ya Mama Inga, muuguzi wa Kizungu kutoka nchi za theluji. Kila nilipokuwa chini ya gari lake nilimuuliza habari za kwao, naye hakuchoka kujibu. Ndiye aliyeniambia kwamba huko kaskazini kabisa, wakati wa baridi kali, mbingu huwaka. Si radi, si moto. Ni mwanga wa kijani, rangi ya mlenda mbichi, unaotembea juu kama kitambaa kinachokung'utwa. Alisema maarusi husafiri mbali kwenda kuutazama, wanasimama nje wakitetemeka, na wengine hurudi kwao hawajaona kitu. Nikamuuliza kama hao wanarudishiwa nauli. Alicheka mpaka akaketi. Kwa Kiswahili chake aliuita mwanga huo taa za kaskazini.

Hakunisimulia mimi peke yangu. Nyumbani kwake alifanya kazi msichana mmoja wa Nkololo, Minza, mpishi na mpiga pasi, msichana mwenye maneno machache na macho yanayopima. Mama Inga alipoondoka alimwachia koti zito la sufu, na watu walimcheka Minza kwa urithi huo, kwa kuwa kwetu koti lile lingemfaa labda mwenye homa.

Miaka michache baadaye Minza akachumbiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na ng'ombe wengi. Wa pili alikuwa Maduhu, kijana wa Kasoli aliyekuwa akimnunulia pamba mfanyabiashara mmoja wa Mwanza. Maduhu alikuwa na ng'ombe wa kutosha mahari tu, lakini ulimi ulikuwa wa kutosha wilaya nzima. Minza alimchagua Maduhu. Baba yake alikubali kwa shingo upande, akasema mbele ya watu, "Binti yangu amekataa ng'ombe akachukua maneno. Tutaona maneno yanatoa maziwa lini."

Harusi ikafungwa kipupwe, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa, mwezi ukiwa mpevu ili ngoma ichezwe bila kuwasha taa. Siku ya pili yake tajiri akanituma. Alisema bwana harusi amekodi gari, anataka kumpeleka mkewe ziwani, mwaloni inapoegeshwa mitumbwi, mbele ya Nyashimo, akaone taa za wavuvi wa dagaa. Niliona ni safari nzuri. Taa zile ukiziona kutoka nchi kavu usiku wa giza, ziwa lote linakuwa kama mji.

Pale Nkololo tulichelewa kuondoka. Desturi yetu bwana harusi ndiye huenda ukweni na wenzake akakaa huko siku kadhaa, anakula, anachekwa, anazoewa. Hii ya kumpakia bibi harusi na kwenda kutembea ilikuwa mpya. Bibi yake Minza alishika mlango wa gari akaniuliza, "Bhabha, wanasema wanakwenda hanimuni. Hanimuni ni kijiji cha wapi?"

"Ni mbele ya Nyashimo, mayu," nikamjibu.

"Kuna maji?"

"Mengi."

"Haya, afadhali," akaachia mlango.

Minza alipanda amebeba sanduku na lile koti la sufu mkononi. Sikuuliza. Kiti cha nyuma ni ukweni.

Tulipofika Dutwa, Maduhu aliteremka kumsalimu mnunuzi mwenzake na kuleta soda. Minza akasogea mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Shija, wewe umewahi kupanda ndege?"

"Bado. Kwa nini?"

"Mimi naogopa kidogo. Na huyu mwenzangu hataki kusema tunapandia Mwanza au Dar. Kila nikimuuliza ananiambia, wewe chukua nguo za baridi, mimi nitakuonyesha hizo taa za kaskazini, basi."

Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi, na gari lilikuwa limezimwa. Niliendelea kuikanyaga.

"Ulimwambia wewe habari za hizo taa?" nikauliza.

"Ndiyo. Siku ya kwanza ya kuzungumza naye. Nilimwambia mimi nikiolewa, jambo moja tu nataka, nikaone taa za kaskazini. Akasema, hizo tu? Nitakupeleka. Yule mwingine nilipomwambia hivyohivyo alicheka. Huyu hakucheka. Ndiyo maana."

Nilielewa yote kwa mara moja. Maduhu hajawahi kumsikia Mama Inga. Ukimwambia mtu wa Kasoli habari za taa, na upande wa kaskazini, atafikiria nini? Atafikiria ziwa. Alichokijua ni karabai za dagaa, akaahidi karabai za dagaa kwa moyo mweupe. Na mkewe alikuwa amekaa nyuma yangu na koti la theluji, akingoja ndege.

Maduhu akarudi na soda. "Leo ni leo!" akasema. "Mama, leo utaziona!"

"Leo?" Minza akashangaa. "Mara moja hivyo?"

"Mimi sina maneno mengi," akasema Maduhu, na huo ndio uongo pekee niliomsikia akisema siku ile.

Balaa la barabara ile ni kwamba ilikubaliana na wote wawili. Tulipofika njia panda ya Lamadi, kulia ni Musoma, kushoto ni Mwanza. Nikakata kushoto. Nyuma nikasikia Minza akipiga makofi kidogo. "Mwanza!"

"Umeijua njia!" akasema Maduhu kwa furaha.

Kila kilometa niliyokwenda niliona nazidi kuwapeleka shimoni. Niliwaza: nikinyamaza, tutafika mwaloni, atateremka na koti, atauliza uwanja wa ndege uko wapi mbele ya wavuvi wote, na ndoa itafia mchangani kwa kicheko. Nikisema, nimeingia ukweni na viatu. Mzee Kulwa hakunipa sheria ya siku kama ile. Tulipokaribia Nyashimo nikasimamisha gari.

"Nimesikia mlio," nikasema. Mlio haukuwapo. "Bwana harusi, njoo unishikie jeki."

"Mimi? Na shati hili?"

"Wewe na shati hilo."

Tukaingia chini ya gari. Nikamwambia habari yote kwa kunong'ona: mbingu za Mama Inga, mwanga wa kijani, nchi za theluji, ndege. Maduhu alilala chali pale akitazama gia boksi.

"Taa za angani?" akasema. "Nani anawasha?"

"Hakuna anayewasha."

"Sasa zinawakaje?"

"Maduhu, hilo nilishamuuliza Mama Inga, jibu lake lilikuwa refu. Wewe utafanya nini?"

Akafikiri. "Sema gari limekufa. Turudi. Nitamwambia ndege imetuacha."

"Gari hili sitalisingizia. Limezeeka, lakini halijafa."

"Basi sema una homa."

"Na kesho?"

"Kesho nitatafuta neno."

"Maneno ndiyo yaliyokufikisha chini ya gari, ndugu yangu."

Akafuta vumbi usoni kwa mkono wa shati lile, akasema, "Ataniacha. Alikataa ng'ombe wa watu kwa ajili yangu. Baba yake atanicheka mpaka Kasoli isikie."

Hapo sauti ikatoka juu yetu, karibu kabisa, kana kwamba gari lenyewe limesema.

"Endeleeni tu. Nasikia vizuri."

Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu ya Landrova ile ilikuwa imeoza, na tundu nililiziba kwa kipande cha mkeka. Minza alikuwa ameufunua mkeka, na jicho lake lilikuwa linatutazama. Vijana, mkitaka kusema siri ya abiria, kagueni sakafu kwanza.

Tulitoka tukiwa na vumbi kama mihogo. Minza hakulia, hakupiga kelele. Alikunja lile koti taratibu, akaliweka chini ya kiti.

"Kaka Shija, mafuta ya kurudi Nkololo yapo?"

"Yapo."

"Vizuri. Maduhu, hizo taa zako. Umeziona mwenyewe au umesimuliwa?"

"Nimeziona. Kwa macho haya."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Kosa la maneno si uongo," akasema Minza. "Mimi nilisema taa, na wewe ulisikia taa. Hilo nalisamehe. Lakini ulikuwa tayari kuniambia ndege imetuacha. Hilo silisamehe bado. Twende nikazione hizo ulizozijua. Zikiwapo jinsi unavyosema, nitajua una jambo moja la kweli na tutaanzia hapo. Zisipokuwapo, kesho asubuhi kaka Shija atanirudisha kwa mama, na wewe utaongea na baba."

Kutoka pale mpaka tulipoacha lami na kushika njia ya mchanga ya kwenda ziwani, sauti pekee ilikuwa ya injini, nami nilisikia vitu vyake vyote vitano.

Tulifika mwaloni jua likizama. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Karabai zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, zimefutwa vioo, hazina moto. Wanaume walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Maduhu aliteremka akatazama ziwa, akatazama karabai, na nikaona uso wake ukianza kubadilika.

"Mwadila," akamsalimu mmoja aliyekuwa akishona wavu. "Mnakwenda kuvua saa ngapi?"

"Kuvua?" Yule mtu akamtazama kama anayetazama ng'ombe aliyepanda mtumbwi. Akanyoosha sindano yake ya mti kuelekea nyuma yetu. "Na ule?"

Tukageuka. Mwezi ulikuwa unatoka juu ya nchi kavu, mkubwa, mzima, kama sinia la shaba. Ni ule ule tuliouchezea ngoma.

"Dagaa anafuata taa kukiwa giza," akasema. "Kukiwa na mwezi kama huu, karabai ni ya nini? Ziwa lote jeupe. Tunapumzika. Mmetoka wapi ninyi?"

"Bariadi."

"Ahaa, watu wa ng'ombe!" Wenzake wakaacha drafti ili wacheke vizuri. "Mmechagua mwezi mzuri kweli!"

Hilo ni kosa ambalo watu wa ng'ombe tu wangeweza kulifanya. Kwetu mwezi mpevu ni taa ya bure, ndiyo maana harusi huwekwa hapo. Kwao ni likizo. Na mimi, niliyejifanya najua kila kitu kwa kuuliza, hilo sikuwa nimeuliza.

Yule mshona wavu aliona sura ya Maduhu, akamhurumia. "Nikuwashie moja hapahapa mchangani? Bibi harusi aitazame, kisha mkalale."

Nilimtazama Maduhu. Ilikuwa njia ya kutokea. Taa moja, maneno mengi, angeweza kuifanya ionekane mia. Minza naye alikuwa akimtazama, na alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari kuliko karibu na mumewe.

"Hapana," akasema Maduhu. "Usiwashe." Akamgeukia mkewe. "Sikujua habari za mwezi. Taa nilizijua, mwezi sikuujua. Nimeziona mara moja tu, Minza. Nilikuwa juu ya marobota ya pamba, lori linakwenda Mwanza, wenzangu wote wamelala. Nikaziona. Nilitaka kumwamsha mtu nimwonyeshe, nikaona aibu, watasema huyu anaamsha watu kwa ajili ya karabai. Nikasema nikipata mke nitamleta. Uliposema unataka taa, nilifikiri Mungu ameniletea mtu wangu. Ndiyo hayo tu. Mengine sina."

Sijawahi kumsikia akisema kwa ufupi hivyo, kabla ya hapo wala baadaye.

Minza aliondoka mlangoni pa gari. Alimwuliza mshona wavu, "Zinarudi lini?"

"Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, dada. Kama wiki hivi. Hapo jioni yote inakuwa giza, nasi tunashuka."

"Zinakuwa nyingi?"

"Hesabu nyota kwanza, ukimaliza njoo."

Akatuelekeza kwa Bi Mwanaidi, mwenye gesti ya vyumba vinne nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Alikuwa mama wa Pangani, aliyemfuata mumewe kwenye biashara ya dagaa akabaki. Aliponisikia nikisema ni maarusi na wanakaa usiku mmoja, alishika kiuno.

"Usiku mmoja? Maarusi? Hiyo si fungate, hiyo ni kupotea njia."

"Fungate ndiyo nini, mama?" Minza akauliza.

"Ni hiyo mnayoiita hanimuni, lakini yenye akili. Siku saba bwana na bibi harusi hawafanyi kazi, hawapiki, hawafagii. Wanatazamana tu mpaka wazoeane au wachokane."

"Kwetu bwana harusi ndiye anakaa ukweni siku hizo."

"Basi hapa ni ukweni. Mimi mama mkwe wake. Nikimkuta jikoni kwangu nitamkimbiza na mwiko."

Maduhu akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, kweli kabisa, macho chini, kama aliyemkuta mkwewe njiani. Minza alimwona akirudi nyuma hivyo na akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini nilikisikia vizuri kuliko injini yoyote niliyowahi kulala chini yake.

"Kimebaki chumba kimoja," akasema Bi Mwanaidi. "Nyie mnakaa siku ngapi?"

Maduhu hakufungua mdomo. Alikuwa ameanza kujifunza.

"Hiyo fungate," akasema Minza. "Siku saba. Mwezi uende zake, tuzione." Kisha akanigeukia. "Kaka Shija, kesho asubuhi ondoka. Mwambie mama tumefika salama na hapa kuna baridi. Baba akiuliza, mwambie taa zipo, tunazingojea."

Bi Mwanaidi alinipa mkeka kwenye stoo, katikati ya magunia ya dagaa. Harufu ile inakaa kwenye nguo siku nyingi, lakini usiku ule sikuijali. Nilifunga breki ya mkono, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikanawa vumbi la chini ya gari, nikajinyoosha. Kesho ningerudi Bariadi na viti vya nyuma vitupu. Katika kazi yangu yote ndiyo mara pekee niliyofurahi kurudi bila abiria.